Sufuria Iliyovikwa Blanketi

Tku. Kimya. Tku, tku.

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikiinuka na kuanguka gizani, taratibu, kama mtu anayegonganisha meno usingizini. Tumpe alikuwa amelala macho wazi, anakisikiliza. Kikigonga hivi, mbegu ina afya. Kikinyamaza, baridi imeiua, na baridi ya Makambako mwezi wa saba haimwonei mtu haya.

"Mama, ameamka," Sekela alisema kutoka upande wa ukutani.

"Ameamka na njaa kama wewe. Lala."

"Nikamlishe?"

"Majogoo wenyewe bado wamelala, mwanangu."

Lakini mtoto alikwishashuka. Alikuwa na miaka mitano na kazi moja duniani, na hakutaka mtu amsaidie. Tumpe alimsikia akipapasa ukuta mpaka jikoni, akikokota kigoda, kisha taa ikawaka. Alipomfuata alimkuta amesimama juu ya kigoda mbele ya sufuria. Ilikuwa imevikwa blanketi la uchanga la Sekela mwenyewe, lile lenye picha za bata, ikafungwa kamba kiunoni kama mtoto wa mgongoni.

Sekela alifunua kifuniko, akaingiza uso wote.

"Shikamoo, Uji." Kisha kwa sauti nzito ya kiume, akajijibu: "Marahaba, mama. Nipe sukari."

Alimegea kipande cha sukari guru ndani ya yale maji meupe. Yakachemka bila moto, mapovu madogo madogo, yakatoa harufu yao ya mtindi uliosahaulika kwenye sanduku la misumari. Mtoto aliivuta kwa nguvu, kama watu wanavyovuta harufu ya mvua ya kwanza. Akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu.

"Vumbi la sukari," alisema, akimwahi mama yake.

"Haya. Funika, unaingiza baridi."

Tumpe alichota vikombe viwili vya mbegu, akavimimina kwenye chupa ya chai yenye maua mekundu, akaikaza mfuniko. Yaliyobaki aliyaongezea maji ya vuguvugu. Mbegu huibakizi kidogo ukategemea bahati. Unabakiza ya kutosha kuzaa nyingine, vilevile bibi yake alivyokuwa akiacha mgando chini ya kibuyu ili maziwa ya kesho yajue njia.

*

Kwenye geti la kiwanda mlinzi, mzee Ng'umbi, aliipokea chupa, akaitikisa sikioni.

"Chai gani hii, Mama Sekela, miaka yote hunikaribishi?"

"Ukinywa hii, babu, utakereza chuma kwa meno."

Mzee akacheka, akamrudishia. Nyuma yake, juu ya kilima, mapanga ya mitambo ya upepo yalizunguka kwenye ukungu wa asubuhi. Kila mzunguko wa mapanga yale ulitegemea beringi zilizokerezwa humu ndani, pete za chuma pana kuliko mlango wa kanisa. Mume wa Tumpe alikuwa Singida akizifunga juu ya minara. Walikuwa wanachezea pete zilezile, yeye akiziumba, mumewe akizipandisha.

Alipopita chini ya tao la geti, kibandiko cha kupima mapafu kifuani pake kiliwaka. Tumpe aliinamisha kidevu kutazama. Kila siku kilikuwa kijani.

Njano.

"Ah," alisema mzee Ng'umbi, na utani ukamtoka usoni. "Kwa daktari kwanza, mama. Pole."

Daktari Mbilinyi alikuwa ametumwa na Mfuko wa Mapafu, unaolipia matibabu ya wafanyakazi, si kiwanda. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye masweta mawili na viatu vya kiume, na alimkaribisha Tumpe kwenye benchi kama mgeni wa nyumbani. Tumpe aliipakata chupa yake. Ilikuwa ya moto mapajani.

"Unakohoa, dada?"

"Nikipanda mlima."

"Jumapili je? Ukipumzika?"

"Jumapili nakuwa mzima kabisa. Jumatatu jioni ndiyo naumwa homa, mwili wote. Tunaita homa ya Jumatatu. Wote tunayo."

Daktari akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetarajia jibu hilo na hakulifurahia. Aliwasha picha ukutani. Mapafu ya Tumpe yalitokea, na chini yake, pande zote mbili, kitu kama utando wa buibui.

"Hii si TB. Usiogope kumwambukiza mtu kwa kumkoholea. Hebu nikueleze, maana naona hawajawaeleza. Maji yenu ya kupozea mashine yako hai, unajua?"

"Najua. Vijidudu vitano."

"Vitano vilivyobuniwa. Kimoja kinakula grisi chafu, kimoja kinazuia kutu, vingine vinalainisha ncha ya kisu ili isiungue. Ndiyo sababu siku hizi hammwagi sumu mtoni. Jambo zuri hilo, mimi nalisifu. Lakini ameingia wa sita. Binamu yake TB. Sisi tunamwita Mgeni. Kisu kikizunguka maji yanageuka ukungu, mnauvuta, na pafu likimwona Mgeni linapigana naye mpaka linajijeruhi lenyewe. Kila jeraha linaacha kovu, na kovu halipumui."

"Si wanaosha? Juzi wameosha mashine zote kwa dawa."

"Dawa inaua vile vitano. Mgeni ana ganda la nta, anakaa pembeni anangoja. Hata hivyo kuosha kwa juzi nilikusimamia mimi mwenyewe. Mvuke, siyo dawa tu. Nilipima, hakubaki hata mmoja." Alizima picha. "Mara zote wanazoosha, Mgeni anarudi. Hajileti mwenyewe, dada. Anarudishwa. Mkononi mwa mtu."

Chupa ilizidi kuwa ya moto, au mapaja yake ndiyo yaliyopoa.

"Kuna mtu anabakiza maji ya zamani?" daktari aliuliza.

Tumpe alitazama viatu vya daktari. Vilikuwa vimeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine.

"Sijui, daktari."

"Sikuhukumu. Ila nisikudanganye pia: ukiniambia, nitaandika, na ninachoandika Mfuko unasoma. Kesho kuna kikao bwaloni, mambo yote yatafungwa hapo. Baada ya kesho mimi narudi zangu, na mashine zitaendelea."

*

Kwenye mashine yake, maji mapya yalikuwa yakitiririka juu ya pete, safi, mepesi, hayana maana. Maji mabichi huchukua wiki mbili kukolea. Katika wiki hizo ncha zinavunjika, pete zinatoka na mikwaruzo, na Kipimo, lile jicho lililoning'inia darini, linazihesabu. Pete mbovu zikizidi, jina lako linafutika kwenye zamu na geti halikufungukii tena. Hakuna wa kumlilia. Kipimo hakina ofisi.

Kwa hiyo kila zamu ilikuwa na mlezi. Mlezi anabakiza mbegu kabla ya kuosha, anailaza kwake penye joto, anairudisha. Kikombe kimoja kwenye tangi, na kesho yake asubuhi maji yamekuwa mazito na meupe kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa, na chuma kinakatika kama siagi. Zamu ya Tumpe haikuwahi kupoteza mtu kwa Kipimo.

Bwana Kihwelo, msimamizi, alipita. Alichovya kidole, akanusa.

"Mama Sekela, maji haya ni mabichi."

"Wameosha juzi, bosi."

"Najua wameosha. Nimesema ni mabichi, basi." Macho yake yalitua kwenye chupa yenye maua mekundu. Kisha akampa mgongo, akaanza kusoma tangazo la ukutani la kuzima moto, ambalo alilisoma kila mara mashine zilipooshwa. Alikuwa na mgongo wenye kujua mambo mengi kuliko uso wake.

Tumpe alishika mfuniko wa chupa. Akauacha.

Kwenye mashine ya jirani ncha ilivunjika kwa mlio mkali. Kijana Tulizo, aliyeoa mwezi uliopita, alitazama juu kwenye jicho la Kipimo, kisha akamtazama Tumpe.

"Dada, vipi? Mimina basi, nakwisha huku."

"Imekufa. Baridi ya usiku."

"Yako? Ife?" Tulizo alicheka kwa woga. "Mbegu yako ingeokoka hata kwenye friji ya bucha! Haya, usijali. Nitaazima kwa zamu ya jioni. Mama Nyagawa anayo ndoo nzima, ulimgawia mwenyewe, umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa amemgawia kwenye mtungi uliofungwa kanga, kama mtu anavyompelekea jirani zawadi ya uzazi.

*

Jioni alimwogesha Sekela kwenye beseni. Mtoto alikuwa akiimba na kupiga maji. Katikati ya wimbo alisimama kuvuta pumzi, akaendelea, akasimama tena. Tumpe alitambua kwamba wimbo ule ulikuwa na vituo hivyo kwa muda mrefu, na yeye alidhani ndivyo ulivyoimbwa.

Alijibandua kibandiko kifuani. Akakifuta kwenye gauni. Akakibandika kwenye kifua kidogo chenye povu.

"Baridi!" Sekela alipiga kelele.

Kibandiko kilifikiri kidogo. Kikawaka.

"Rangi ya bata!" Mtoto aliruka ndani ya beseni, maji yakamwagika sakafuni. "Mama, ona, kama bata wa blanketi! Nikae nacho?"

"Hapana, mama. Nipe." Sauti yake ilitoka sawa kabisa, akashangaa ilivyotoka sawa.

Alimkausha, akamvalisha sweta, akamlaza. Kisha akaibeba sufuria pamoja na blanketi lake mpaka nje, akaivua, akaiweka juu ya jiko la mkaa, akaichochea mpaka uji ukapanda, ukamwagika, ukakauka, ukaungua. Moshi wake ulinuka maziwa. Aliziba pua na kanga mpaka kifuniko kilipoacha kugonga.

Haikutosha. Kwa Mama Nyagawa kulikuwa na ndoo nzima.

*

Kaka Jailos Sanga alikuwa ameketi kitandani kwa mito, mrija puani, mashine ya hewa ikinguruma pembeni. Ndiye aliyemfundisha Tumpe kukereza, na ndiye aliyemwonyesha namna ya kulaza mbegu.

"Karibu, karibu. Msalimie mke mdogo," alisema, akiipigapiga mashine. "Anakoroma huyu! Mkubwa hajawahi kunikoromea hivi."

"Ningekuwa nakupa hewa na mimi ningekoroma," mkewe alisema, akamsogezea Tumpe kigoda. "Wifi, kaa. Uji wa kunywa utakunywa?"

"Usiseme uji mbele yangu, wifi."

Wakacheka wote watatu, na kicheko kikamwishia Jailos kwenye kikohozi kirefu kilichomkunja. Mkewe alimshika mgongo mpaka kikapita. Hakuna aliyejifanya hakukiona.

Tumpe aliwaambia. Daktari, Mgeni, kibandiko kwenye kifua cha Sekela. Alipofika hapo alitazama chini.

Mke wa Jailos alipanga upya mito ya mumewe. Kisha alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma.

"Pole, wifi. Pole sana. Lakini nisikilize. Pafu jipya la huyu limeshaanza kuoteshwa. Wametuonyesha picha, dogo kama kiganja, jekundu. Likikomaa mvua zikianza, wanampandikiza. Mfuko unalipa kwa sababu maji ni ya kiwanda. Sheria yao unaijua: aliyechafua kwa mkono wake hana haki. Ukisimama kesho ukasema ni sisi, watalizima kesho hiyohiyo. Ngoja mvua. Mvua tu. Halafu sema mpaka ukauke."

"Na Tulizo? Na zamu ya jioni? Mpaka mvua watakuwa wamevuta kiasi gani?"

"Tulizo ana miguu, akimbie! Huyu hana."

Tumpe alimgeukia Jailos. "Kaka, wewe unasemaje?"

Jailos alitazama dari. Alivuta hewa ya mashine, akaitoa, akavuta tena.

"Unataka nikwambie sema. Ili kesho ukisema, iwe mimi ndiye niliyesema." Alitabasamu, lakini si kwa uzuri. "Sitakwambia. Nataka hewa, Tumpe. Nataka kutembea mpaka chooni bila kushikwa kama bibi harusi. Nikikwambia sema, nitakuwa nakudanganya. Nikikwambia nyamaza, nitakuwa namkaba Sekela koo. Kwa hiyo usiniulize."

Mashine ilinguruma. Mkewe aliokota kikombe ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Ila kitu kimoja," Jailos alisema Tumpe alipofika mlangoni. "Ukisema, usiseme ulijifunza mwenyewe. Mwalimu wako alikuwa mimi. Nisinyang'anywe na hilo."

*

Bwalo lilijaa. Zamu zote tatu zilikaa kwenye mabenchi ya chakula, na kwa mara ya kwanza kelele za mashine hazikuwepo, kwa hiyo kikohozi kilisikika chote. Kilizunguka ukumbini kama mtu anayetafuta pa kukaa. Jailos aliletwa kwa kiti cha magurudumu na mke mdogo wake mapajani. Tumpe alikuja na Sekela, kwa sababu jirani anayemwachia mtoto naye alikuwa mle mle, benchi la mbele.

Mwenyekiti wa kikao alisoma. Maji yalikuwa mali ya kiwanda. Usafi wa maji ulikuwa wajibu wa kiwanda. Bwana Kihwelo alikubali kila kitu kwa unyenyekevu, akaahidi dawa kali zaidi. Kiwanda kingelipa kidogo, kingeosha tena, na walezi wangerudisha tena. Kila mtu aliona alichotaka kuona.

"Kabla sijafunga," mwenyekiti alisema, "kuna mfanyakazi mwenye neno?"

Daktari Mbilinyi hakumtazama Tumpe. Alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Tumpe alisimama.

Alikuwa amelipanga neno lake usiku kucha. Angeanza na Kipimo, kinavyofuta watu. Angesema juu ya mgongo wa Bwana Kihwelo. Angesema mbegu mwisho, na angesema ni desturi ya watu waliotaka kubaki na kazi, si uchafu wa mkono. Labda wangesikia. Mfuko ulikuwa na watu ndani yake, na watu husikia. Hilo alikuwa bado analiamini. Aliona macho ya mke wa Jailos yamemkazia, hayaombi tena, yanangoja tu.

"Mwenyekiti," alisema, "yale maji..."

Kikohozi kikaja. Hakikumpa nafasi ya kugeuka. Kilimkunja juu ya meza, kikamkamua, na kila alipovuta hewa ili aseme, hewa iligeuka kikohozi kingine. Tulizo alimshika bega. Mtu akaleta maji kwenye kikombe. Aliyasukuma, akainua kidole: subirini, subirini. Kibandiko kifuani kilikuwa kikipepesa njano, nyekundu, njano.

"Mwacheni apumzike," Bwana Kihwelo alisema, kwa huruma kabisa. "Dada anaumwa, tumemwelewa. Yale maji yamemwumiza. Tumeelewa wote."

"Tumeelewa," alisema mtu nyuma, haraka.

"Basi pole, mama, keti," mwenyekiti alisema, akafunga jalada lake. Mabenchi yakaanza kusogea. Tumpe alitikisa kichwa, machozi ya kikohozi yakimtiririka, kidole bado hewani, na hapakuwa na aliyekitazama isipokuwa mmoja.

Sekela alipanda juu ya benchi. Alimtazama mama yake, akaona kwamba mama alikuwa na neno na neno lilikuwa limekwama, na neno hilo alikuwa analijua. Alivuta pumzi, akasimama kidogo kama kwenye wimbo wake, akavuta nyingine.

"Mbegu ya uji ilikuwa kwetu jikoni," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "na mimi ndiye niliyekuwa nailisha."